Tuandikeni Kwenye Bajeti

Hotuba ya mwalimu wa sataranji kwa wazazi, walimu na viongozi wa kaunti, kwenye mashindano ya watoto ya likizo ya Agosti mjini Kisumu

Mheshimiwa mwakilishi wadi, maafisa wa michezo wa kaunti, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi bibi na babu mlioketi kule nyuma mkishika sweta na chupa za maji za wajukuu: hamjambo? Watoto wangu, mmeshiba? Raundi ya saba inaanza saa nane kamili. Mimi nimepewa dakika ishirini, na mwamuzi ameniwekea saa hapa mezani kama anavyowawekea nyinyi.

Naanzia mahali mnapopajua. Ukipita Kondele jua likianza kupoa, pale stejini kwa bodaboda, utakuta vijana wameuinamia ubao wa drafti. Ubao wenyewe ni kipande cha plaiwudi kilichopigwa mistari kwa kalamu ya wino, na kete ni vifuniko vya soda, wa huku amevilaza na wa kule amevipindua. Abiria akifika, mmoja anaondoka na mwingine anashika nafasi yake bila mchezo kusimama. Na kabla ya drafti kulikuwa na mchezo wa ajua. Wazee wetu wa kandokando ya ziwa walichimba mashimo chini ya mti, wakahesabu mbegu kichwani, mtu akijua mbegu yake ya mwisho itaangukia wapi kabla hajaishika ya kwanza. Kwa hivyo mzazi akiniambia kuwa sataranji ni mchezo wa Wazungu, namwomba twende naye stejini. Mchezo huu ulizaliwa India, ukapita Uajemi, ukapokelewa na Waarabu, na jina tunalolitumia limekuja na majahazi. Ulaya ulifika baadaye. Watoto wanauita chesi, nami sina ugomvi nao.

Akili, basi, tunayo. Niruhusuni niwasimulie tunachokosa.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na mwanafunzi, msichana wa Nyalenda. Jina lake nitalihifadhi. Mama yake anauza omena soko la Kibuye. Mtoto huyu alifuzu kwenda Nairobi kwa mashindano ya vijana yaliyoanza Jumamosi, saa tatu asubuhi. Wiki tano kabla ya siku hiyo tuliandika barua kwa afisi moja ya umma kuomba nauli na malazi ya watu wawili, yeye na mlezi wake. Nilikwenda kuuliza mara ya kwanza nikaambiwa barua imepokewa. Mara ya pili nikaambiwa iko mezani kwa mkubwa. Mara ya tatu afisa mmoja, kijana mstaarabu, alinifungia mlango akaniambia ukweli. Alisema, "Mwalimu, nakuelewa. Lakini hata mkubwa akitaka kukusaidia, hana mahali pa kuzitoa. Hakuna kifungu."

Tukarudi kwa njia tunayoijua. Tukachanga. Hamsini ya huyu, mia ya yule, mama mboga akatuma mia mbili kwa M-Pesa, na fundi wa viatu aliye mkabala na shule akatoa mia tano ambazo nilijua zilikuwa za kununulia gundi. Pesa zilitimia Ijumaa jioni. Wakapanda basi la usiku, Kericho, Nakuru, hadi Nairobi kabla hakujapambazuka. Mtoto akanawa uso kwenye bomba la stesheni, na saa tatu alikuwa mezani. Kwenye hatua ya kumi na tisa alimwacha malkia wake, kete yenye nguvu kuliko zote, wazi aliwe. Mtoto ambaye sijawahi kumwona akimwacha hata askari, kete ndogo kabisa! Alipoteza mchezo huo, akalala usiku ule kwa msamaria mmoja, kisha akashinda minne mfululizo. Alikosa medali kwa nusu pointi.

Nimeifikiria ile nusu pointi kwa muda mrefu. Ilikuwa bei ya kitanda cha usiku mmoja, na Nairobi nzima ilikuwa na vitanda. Kwetu pia fedha za umma zilikuwepo mwaka ule, na hakuna aliyeziiba. Yule afisa alinipa jibu sahihi ambalo limenifanya nisimame hapa leo. Hakuna kifungu. Neno sataranji halikuwa limeandikwa popote kwenye vitabu vya pesa vya wananchi wa Kisumu, na kisichoandikwa hakilipwi.

Sasa naomba mnisikilize vizuri hapa, hasa nyinyi waheshimiwa, kwa sababu ombi langu linaweza kueleweka vibaya. Sijaja kuomba zawadi. Zawadi tumezipokea, na waliozileta tunawaombea heri. Wakati mmoja mfadhili alituletea seti ishirini mpya, zimo kwenye mifuko yake, bado zinanuka plastiki. Tulipiga picha. Muhula wa kwanza shule tatu zilicheza. Muhula wa pili farasi wawili wakapotea, mvua ikaingia stoo, na panya wakala mbao mbili za karatasi. Muhula wa tatu kifuniko cha soda kilikuwa ngome na jiwe lilikuwa askofu. Mwalimu aliyekuwa akifundisha kwa kujitolea alihamishwa, na hapakuwa na nauli ya kumleta mwingine. Hakuna aliyefanya kosa. Zawadi hutolewa mara moja, na mtoto anayeanza sataranji akiwa na miaka 7 anahitaji miaka 10 ya Jumamosi ili afike mahali.

Kuna nchi iitwayo Armenia, kule milimani kati ya Uturuki na Georgia. Watu wake ni kama milioni tatu. Kwa sensa yetu ya 2019, Nakuru ilikuwa na watu 2,162,202 na Kisumu 1,155,574. Ziunganishe kaunti hizi mbili na umeipita Armenia nzima kwa idadi ya watu. Nchi hiyo ndogo ilitwaa dhahabu ya Olimpiadi ya Sataranji, mashindano ya timu za mataifa, mwaka wa 2006, ikarudia 2008, ikarudia tena 2012, ikiwaacha nyuma Urusi na China. Mwaka wa 2011 waliingiza sataranji kwenye ratiba ya shule za msingi, somo la lazima kwa madarasa ya chini, lenye kitabu na mwalimu aliyepewa mafunzo. Rais wao wa wakati huo, Serzh Sargsyan, alikuwa pia mwenyekiti wa shirikisho la sataranji la nchi. Alikuwa mpenzi wa mchezo, na wachezaji wakubwa walilipwa posho na serikali.

Watu wengi huishia hapo wanapoisimulia Armenia. Mimi nataka twende mbele kidogo. Mwaka wa 2018 Sargsyan aliondoka madarakani baada ya maandamano. Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 2021, Levon Aronian, mchezaji wao bora kupita wote na nguzo ya dhahabu zile tatu, alitangaza kuwa anahamia Marekani. Alisema wazi kwamba serikali mpya haijali sataranji. Mapenzi ya rais yaliondoka na rais. Lakini mtoto wa darasa la pili kule Yerevan, mji wao mkuu, mwezi uliofuata ule wa maandamano, alifungua begi na kitabu chake cha sataranji kilikuwemo, kwa sababu kiliandikwa kwenye ratiba na ratiba haikumtegemea mtu.

Ndiyo maana, Mheshimiwa, ninakuomba hivi kwa heshima kubwa. Tunajua unatupenda. Umekuja leo, umekaa tangu asubuhi, umenunulia watoto soda. Tunachotaka ni kitu kitakachobaki hata siku ambayo kiti chako kitakaliwa na mtu asiyejua farasi anatembeaje.

Tuangalie upande wa India pia. Kijana aitwaye Viswanathan Anand alikulia Chennai. Mama yake ndiye aliyemfundisha kwanza. Kisha akawa anakwenda kwenye klabu iliyokuwa ndani ya kituo cha utamaduni cha Wasovieti mjini humo, chumba chenye meza, mbao na watu wa kucheza nao. Mwaka wa 1988 alikuwa Mhindi wa kwanza kupata granmasta, cheo cha juu kabisa cha wachezaji. Leo India ina magranmasta zaidi ya 80. Mwaka wa 2022 serikali ya jimbo lao, Tamil Nadu, iliandaa Olimpiadi kwa muda mfupi sana baada ya kuondolewa Urusi, na timu ya Kenya ilikuwepo. Mwaka wa 2024 wanaume na wanawake wa India walitwaa dhahabu zote mbili kule Budapest, na Desemba ya mwaka huohuo kijana wa Chennai, Gukesh, akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 18. Kati ya Anand na Gukesh ni miaka 36. Nawaomba wazazi waikumbuke hesabu hiyo wakati mtoto amerudi na pointi mbili kati ya sita. Mimi nakumbuka zaidi kile chumba cha kwanza. Kilikuwa chumba tu. Kisumu tuna maktaba ya umma, tuna kumbi za jamii ambazo siku nyingi milango yake ina kufuli, na kila wadi ina shule ambayo Jumamosi hukaliwa na kunguru.

Sasa nije kwa swali ambalo najua baadhi yenu mmelibeba tangu nianze kusema. Zahanati hazina dawa. Kwenye mvua, mto Nyando unafurika na watu wanalala shuleni. Mwalimu anawezaje kusimama na kuomba pesa za mchezo?

Ni swali la haki, na sitalijibu kwa kuwadanganya. Kuna jibu rahisi ambalo makocha wengi hulitoa: eti sataranji itapandisha alama za hesabu. Mimi nimefundisha hesabu maisha yangu yote ya kazi, na ningependa sana iwe hivyo. Lakini Uingereza walilipima jambo hilo sawasawa. Walichukua shule 100 za msingi, wakazigawa kwa bahati nasibu, nusu zikafundishwa sataranji na nusu hazikufundishwa. Matokeo yalitoka 2016. Mwaka mmoja baada ya mafunzo, watoto wa sataranji hawakuwa wamewapita wenzao kwenye mtihani wa hesabu. Basi tusiende kwa kaunti na ahadi ya alama. Tutapewa pesa kwa ahadi hiyo, mtihani utakuja, alama hazitapanda, na mchezo utafutwa kwa kosa ambalo si lake.

Mbona mpira hatuuulizi? Gor Mahia ikicheza uwanja wa Mamboleo hakuna anayeuliza kama watoto waliotazama watapita fizikia. Uwanja wa Bukhungu ulipojengwa upya kule Kakamega hakuna aliyedai hati ya matokeo. Tunagharamia michezo kwa sababu mtoto anahitaji mahali pa kuwa hodari, pa kushindwa bila kuumia, pa kukutana na mtoto wa mtaa mwingine wakapeana mikono. Katika sataranji mtoto wa Milimani kwa wenye nacho na mtoto wa Obunga kwenye mabanda huanza na kete kumi na sita kila mmoja. Yule aliye kwenye kiti cha magurudumu hucheza meza moja na yule anayekimbia. Msichana hucheza na mvulana, na leo meza ya kwanza, kama mmeona, ni ya wasichana wawili. Hayo yananitosha, na naamini yanatosha kuandikwa.

Kuhusu pesa zitakakotoka, naomba mfungue Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili, kazi za kaunti. Nenda kipengele cha nne. Kinaorodhesha mambo ya utamaduni na burudani ambayo yamewekwa mikononi mwa kaunti. Herufi ya a ni kamari na kasino. Herufi ya f ni maktaba. Herufi ya h ni michezo na viwanja vyake. Zote ziko kwenye kipengele kimoja, kwenye ukurasa mmoja. Nataka kila mzazi hapa ajiulize ni ipi kati ya herufi hizo tatu mwanawe anaifikia kwa urahisi zaidi akitoka nyumbani. Kubeti kuko mfukoni mwake, kwenye simu, usiku na mchana. Maktaba ni nauli. Sataranji ni mpaka mwalimu fulani ajitolee.

Na serikali ya kitaifa ina mfuko wa michezo, sanaa na maendeleo ya jamii, ulioanzishwa 2018, ambao chemchemi yake ni kodi za michezo ya kubahatisha. Maana yake ni kwamba kijana wa Manyatta anayepoteza mia mbili kila wikendi anauchangia mfuko ule. Ameshalipa. Sehemu yake ikirudi Manyatta kama meza, mbao na mtu wa kumfundisha mdogo wake kufikiri hatua tatu mbele, zahanati haijanyang'anywa hata kidonge kimoja. Pesa hizo kwa sheria zina sehemu ambayo ni ya michezo. Tunachoomba ni kuhesabiwa miongoni mwa michezo.

Nimefanya hesabu, nami nitaisoma polepole ili muikosoe. Kisumu ina wadi 35. Seti ya plastiki na ubao wa kukunja nimeiweka kwa shilingi 2,000. Seti kumi kwa kila wadi ni seti 350, yaani shilingi 700,000. Saa za kuchezea nimeziweka shilingi 4,000 moja, tano kwa kila wadi, jumla saa 175, na hizo ni shilingi 700,000 nyingine. Mkufunzi mmoja kwa kila wadi, nauli na chakula shilingi 500 kwa kila Jumamosi, Jumamosi 40 kwa mwaka: tena shilingi 700,000. Hapo tumefika 2,100,000. Ongeza 900,000 za kusafirisha na kulaza watoto wanaofuzu, ili asiwepo tena mtoto wa kunawa uso stesheni. Jumla ni shilingi milioni 3 kwa mwaka wa kwanza, kwa kaunti nzima. Mwaka wa pili zitashuka, kwa kuwa saa na mbao zikitunzwa hudumu. Kilomita moja ya lami hula makumi ya mamilioni. Sisemi lami isijengwe. Nataka tu tujue tunazungumzia kiasi gani.

Kile kifungu cha 700,000 za wakufunzi ndicho nitakachokipigania kuliko vyote. Mkikata, kateni saa. Saa tutatumia za simu. Mkikata zaidi, kateni seti, tutachonga. Msikate mtu. Kule Katwe, Kampala, kijiji cha mabanda kama vyetu, Phiona Mutesi alikuwa mtoto asiye na shule. Alimfuata kaka yake hadi mahali palipokuwa na uji, na hapo palikuwa na mbao za sataranji na mtu mmoja, Robert Katende, aliyekuwa akirudi kila siku. Mwaka wa 2010 Phiona alikuwa anaiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi. Mbao zile zingekuwa kuni bila Katende. Na Katende alikuwa mmoja. Kampala nzima ilikuwa na watoto wangapi ambao hawakupata wa kwao?

Nirudi kwa wale watoto wetu wanaofika juu, maana hapo ndipo kaunti haitoshi na serikali ya kitaifa ina kazi yake. Ili uwe granmasta unahitaji kufikisha kiwango cha pointi 2500 na kufanya vizuri sana katika mashindano yenye wachezaji wa vyeo, si mara moja, tena mbele ya magranmasta wenyewe. Kenya haina granmasta hata mmoja. Amon Simutowe wa Zambia, wa kwanza kusini mwa Sahara, ilimbidi autafute ugranmasta mbali na kwao. Mtoto wetu anaweza kuwa mkali kiasi chochote, akikaa hapa bila kukutana na watu hao hawezi kupanda, ni kama mwanariadha wa Iten asiyepewa njia ya kukimbilia yenye vipimo. Njia ni mbili: kumpandisha ndege, au kuwaleta wenye vyeo hapa. Mimi napendelea ya pili. Tiketi moja ya kwenda Ulaya humsaidia mmoja. Mashindano ya wiki moja hapa Kisumu, au Nakuru ambako kila basi hupita, huwakutanisha makumi ya vijana wetu na watu wanaowahitaji, na hoteli zetu zikalaza wageni. Mji huu uliupokea mkutano wa miji ya Afrika, Africities, mwaka wa 2022. Hautashindwa na watu mia wanaokaa kimya.

Hata Olimpiadi yenyewe, mwenyeji ndiye hulaza na kulisha timu. Kinachobaki kwa nchi ni nauli. Timu ya taifa ikichangishiwa nauli kwenye vikundi vya WhatsApp, mtoto aliye nyumbani anaona na anajifunza ni michezo gani nchi yake inaiona.

Sasa niwageukie walimu na makocha wenzangu, na hapa sitapaka asali. Pesa za umma zina masharti, na nusu yetu hatujayatimiza. Sheria ya Michezo ya 2013 inataka klabu na vyama visajiliwe kwa Msajili wa Michezo. Ni klabu ngapi zilizokuja leo zimesajiliwa? Sitaki mikono, kila mmoja anajijua. Klabu isiyo na cheti, isiyo na akaunti ya benki, ambayo pesa zake ziko kwenye laini ya simu ya kocha, haiwezi kupewa shilingi ya kaunti, na isipewe! Tukitaka kifungu, tuwe tayari kwa mkaguzi. Daftari la mahudhurio kila Jumamosi. Risiti ya kila seti. Idadi ya farasi waliopotea, iandikwe.

Na jambo la pili, serikali ikilipa isije ikatuchagulia wachezaji. Hili nalisema mapema kabla hata pesa hazijaja. Nchi iliyowahi kugharamia sataranji kuliko zote ilikuwa Muungano wa Kisovieti. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ilifungua vilabu viwandani na mashuleni, na kwa miongo mingi ubingwa wa dunia haukutoka nje ya nchi hiyo ila mara moja, kwa Bobby Fischer wa Marekani mwaka wa 1972. Lakini aliyelipa ndiye aliyeamua nani asafiri na nani asisafiri, na wachezaji kama Viktor Korchnoi, mwaka wa 1976, waliishia kubaki ughaibuni bila kurudi. Hata Nikolai Krylenko, kiongozi aliyeusukuma mpango huo tangu mwanzo, serikali ilimuua mwaka wa 1938. Hatuko huko, Mungu apishe mbali. Ila hata hapa tunajua jina la mtoto wa mkubwa linavyoweza kuingia kwenye orodha usiku. Timu ya kaunti itokane na jedwali la pointi lililobandikwa ukutani, kila mzazi alisome.

Nakaribia mwisho, saa inanionyesha dakika nne.

Bajeti nayo ina saa yake, na wengi wetu hatujui kuwa inahesabu. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma, ya 2012, inataka mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti ufikishwe kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Karatasi ya mikakati ya fedha ni Februari 28. Makadirio ni Aprili 30. Mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1. Ukija kulia mwezi wa Mei, kama nilivyofanya mimi na ile barua yangu, umekuja saa imeshaanguka, muda umekwisha. Leo ni Agosti. Tuna wiki mbili. Asiyekuwemo kwenye mpango wa Septemba si rahisi apenye kwenye makadirio ya Aprili.

Kwa hiyo tumeandaa barua. Ni ukurasa mmoja. Inaomba neno sataranji liandikwe kwenye mpango wa mwaka, chini ya michezo, likiwa na kifungu chake, kwa hesabu niliyowasomea. Inaomba chumba kimoja cha umma katika kila wadi kifunguliwe Jumamosi, kuanzia saa nne hadi saa tisa. Barua iko mlangoni kwenye meza ya kijani, na mama yake msichana yule wa Nyalenda ndiye aliyeketi hapo na kalamu. Ameacha omena kwa jirani yake ili aje. Andikeni jina na wadi, na asiye na kitambulisho aandike tu jina. Siku ya kikao cha maoni ya wananchi tutaipeleka pamoja, na ningefurahi tukiingia tukiwa wengi, watoto wakiwa na sare zao.

Mheshimiwa, wewe nakuomba jambo moja la leo. Raundi ya saba meza ya kumi na mbili ina mtoto ambaye mpinzani wake ameugua akarudi nyumbani. Ana miaka 8, anatoka Seme, ameamka saa kumi usiku kuja hapa, na hataki pointi ya bure. Kiti kiko wazi. Akishinda yeye haitaandikwa popote, lakini nimeongea naye na amesema atakuonyesha jinsi farasi anavyotembea.

Watoto, kwenye meza zenu. Mwamuzi, saa ni yako.